Ukiacha, Niite

Sura ya Tisa

Zamani watu walimtisha Hamira kwa siku ya kwanza ya kuacha sigara. Wakamtisha na ya tatu, wakasema hiyo ndiyo siku mtu anamwonea wivu hata jirani anayechoma takataka. Safari hii zote mbili alizivuka. Kumbe iliyokuwa inamvizia ni ya kumi na moja, Jumamosi, alfajiri, mikono yake imezama kwenye unga mpaka viwikoni, na wala hakuwa anaiwaza sigara.

Alikuwa anaonja donge. Kila alfajiri ilikuwa hivyo pale kwenye duka la mikate: unakanda, unatia chumvi kwa kikombe cha bati kilichokuwepo tangu kabla yeye hajaajiriwa, kisha unamega kidogo, unaweka ulimini, unasikilizia. Na kila alfajiri ulimi ulimwambia bado, naye akaongeza konzi moja kwa mkono wake. Leo konzi alikuwa ameshaishika, mkono uko hewani, ulimi ukamwambia inatosha.

Akamega tena. Akasikia utamu wa ngano kwa mbali. Akasikia uchachu mdogo pembeni ya ulimi, vitu alivyobaki kuvijua kwa jina tu, kama mtu aliyesoma naye zamani akahama. Alirudisha chumvi kwenye ndoo taratibu, akaenda kwenye rafu ya mikate iliyobaki jana, akakata kipande, akatafuna. Hakukimeza. Alikitema kwenye pipa, akakaa juu ya gunia la unga, akalia.

Hapo ndipo Mama Kaunta alipoingia. Huyu ndiye aliyekuwa anauza pale mbele, mwanamke mwembamba wa mwili, mnene wa maneno, ambaye hata akisalimia tu unatafuta kiti.

"Umeungua?" aliuliza, akimkagua mikono.

"Onja huu."

"Si wa jana huo?"

"Onja tu, dada yangu."

Mama Kaunta hakuonja. Aliutazama mkate, akamtazama Hamira, halafu akaanza kujifunga aproni polepole, kama mtu anayetafuta pa kujificha ndani ya kitambaa.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," Hamira alisema.

"Mtaa mzima unajua, mwenzangu."

Basi yakamtoka yote. Kwamba mkate una chumvi miaka nenda rudi. Kwamba wateja wengine wameuzoea, wengine wamehamia kwenye lile duka jipya la kona ya pili, na kwamba yeye mwenyewe, asamehewe, nyumbani kwake wanakula mkate wa kona ya pili. Hamira alipouliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyemwambia, Mama Kaunta alimshangaa. Nani amwambie? Jina la Hamira alipewa bure? Si kwa sababu akiguswa kidogo tu anaumuka?

Hamira alijifuta macho kwa mkono wenye unga, akazidi kujiharibu. Akasema kwa sauti ndogo neno ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa nesi wa zahanati.

"Leo siku ya kumi na moja sijavuta."

Mama Kaunta alikaa chini.

Msomaji, usimcheke Hamira kwa kuficha. Mara mbili aliwahi kutangaza kwamba ameacha. Mara ya kwanza alifika saa ya chakula cha mchana. Mara ya pili alifika siku nne, tanuri likamwunguzia mikate, akatoka nje akavuta mbili kwa mpigo, na kazini wakamtania wiki nzima, wakimpa pole ya msiba wa siku nne. Kwa hiyo safari hii alinyamaza. Aliendelea kutoka mlango wa nyuma saa zilezile, akasimama palepale, ila mdomoni aliweka njiti ya kiberiti, akaitafuna mpaka ikawa nyuzinyuzi. Mama Kaunta alimwuliza siku moja kama amegeuka mchwa. Mkono ulikuwa unaingia mfuko wa aproni wenyewe, unapapasa, unatoka mtupu, kama paka anayerudi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Na wala hakuanza kuvuta kwa starehe. Alianza kwa uchovu. Alipoajiriwa, ana miaka ishirini, msimamizi wa wakati huo alikuwa na utaratibu wake: anayevuta aruhusiwe dakika tano mlango wa nyuma, mara mbili kwa zamu, maana moshi haupatani na unga. Asiyevuta anatoka nje kufanya nini? Apanguse meza. Wiki ya tatu, miguu imevimba, Hamira alinunua sigara moja, akatoka nayo, akakohoa mpaka machozi. Lakini alikuwa amekaa. Alichokipenda ni kule kukaa. Sigara alikuja kuipenda baadaye, na miaka minane ikapita.

Hapohapo mlango wa nyuma ndipo Funguo alipomkuta. Kitasa kilikuwa kimegoma, akaitwa fundi wa kufuli wa mtaa wa pili, kijana mrefu mwenye vumbi la shaba kwenye shati na pete ya funguo kiunoni inayolia kabla hujamwona mwenyewe. Alihangaika na kile kitasa saa nzima. Baadaye sana, walipokuwa wameshashikana mikono, alikiri kwamba ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kesho yake alikuja kununua mkate. Na kesho yake. Miaka miwili.

Halafu akampeleka kwa dada yake.

Siku hiyo Hamira aliosha nywele mara mbili, akala pipi za mnanaa mpaka ulimi ukapata ganzi. Dada wa Funguo ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya mama yao kufariki, mwanamke asiye na maneno mengi, aliyezoea kazi za kuhudumia. Alimkumbatia Hamira mlangoni, na lile kumbatio likakatika katikati. Bado alimkaribisha vizuri, akamwandalia chakula, akamwuliza habari za kwao. Ila alipokwenda jikoni na mdogo wake, ukuta ulikuwa mwembamba.

"Mtoto wa watu hana ubaya," Hamira alimsikia akisema. "Lakini ananuka koti la baba."

Walipokuwa wanarudi, Funguo akamweleza alivyokufa baba yao, mvutaji wa sigara: miezi akilala kwa kukaa, yeye na dada yake wakipokezana kumsugua mgongo, mmoja akilala chumba cha pili akisikiliza kikohozi ukutani, akihesabu, akiogopa kikiendelea na akiogopa zaidi kikinyamaza. Walipofika kona ya kwao Hamira, Funguo alisimama, akamwangalia kwa macho yale ambayo mpaka leo Hamira akiyafumba yake anayaona.

"Sikukatazi," alisema. "Wewe ni mtu mzima, na kifua ni chako. Ila mimi kuuguza kifua cha pili sitaweza. Ukiacha, niite. Usipoacha, basi niache mimi."

Akamwachia mkono. Tangu hapo wiki nne, na Hamira hakuwa ameita.

Sasa Mama Kaunta, pale chini alipokaa, alikuwa ameshika kichwa.

"Na kile kikohozi chako?" aliuliza. "Si ndiyo kwanza kimezidi?"

Hamira alimweleza alivyoambiwa na nesi, kwamba wengi wakiacha wanakohoa zaidi kwanza, kifua kinajifagia, kitatulia chenyewe.

"Yesu na Maria," Mama Kaunta alinong'ona. "Na mimi nimemwambia."

"Umemwambia nani?"

Ndipo ikajulikana. Funguo hakuwa ameacha kuja. Kila asubuhi, saa tatu kasorobo, Hamira akiwa kule nyuma na mikate ya awamu ya pili, alikuwa anaingia, ananunua mkate mmoja, anauliza swali moja: anakohoa? Na Mama Kaunta, aliyeapishwa asiseme, alikuwa anamjibu ukweli wake. Anakohoa. Jana zaidi ya juzi. Wiki hii ni kama injini ya lori. Wakati mwingine hakuhitaji hata kumjibu, maana kikohozi chenyewe kilikuwa kinasikika kupitia ukuta, na Funguo anasimama pale na mkate wake mkononi, ameinamisha kichwa, mpaka kipite.

"Jana akasema leo atakuja mara ya mwisho," Mama Kaunta alimaliza. "Akasema mambo ya kusikiliza ukutani alishayafanya mara moja, yanamtosha. Kesho atatafuta mkate kwingine."

Hamira alitazama saa ya ukutani. Kisha akainuka, akanawa uso, akarudi kwenye donge lake. Hakuongeza konzi. Alikata vipande, akaviringa, akaviacha viumuke, akasimama mbele ya tanuri akitafuna njiti mbili kwa pamoja, na mikate ilipotoka alichagua mmoja, akaufunika kwa kitambaa safi, akaupeleka mbele mwenyewe. Mama Kaunta ghafla akakumbuka kwamba mifuko ya karatasi stoo haijahesabiwa tangu duka lifunguliwe.

Hamira alizisikia funguo kabla hajamwona mwenyewe.

Mlango ulifunguka, na Funguo akabaki na mkono kwenye kitasa. Alikuwa amekonda. Au pengine ni macho ya Hamira yaliyokuwa na njaa yakamwona pungufu. Wakatazamana. Wewe unayesoma, kama umewahi kumkosa mtu unajua, macho yanakwenda yenyewe kukagua: nywele zipo, kile kikovu cha kidevuni kipo, shati ni lile nililowahi kulishona kifungo.

"Mama Kaunta anaumwa?" Funguo aliuliza.

"Mzima. Anahesabu mifuko."

"Nilitaka mmoja tu."

"Najua. Kila siku mmoja."

Funguo akaangalia chini kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa. Hamira alifunua mkate, akaumega kwa mikono, mvuke ukapanda kati yao.

"Kula hapahapa."

"Bado wa moto."

"Kula, Funguo."

Alikula. Alitafuna mara moja, mara mbili, halafu taya likasimama. Akakaa kimya vile anavyokaa akiwa na kufuli mkononi, akisikilizia kipi kimeingia mahali pake na kipi bado.

"Mmebadilisha kipimo," alisema.

"Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni ulimi."

Funguo akamega tena.

"Miaka miwili umekula chumvi yangu," Hamira alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Siku ya kwanza nilidhani umekosea. Ya pili nikadhani ndivyo mnavyopika. Ya tatu nilikuwa sijali tena, nilikuwa nakuja kukuona wewe." Aliugeuza kile kipande kwenye vidole. "Baadaye nikajua ni nini. Baba naye alikuwa anaongeza chumvi hata kwenye uji. Sikutaka niwe mtu wa kukuambia kwamba ulimi wako umekufa."

"Haujafa."

"Naona."

Kifua cha Hamira hakina adabu, kikachagua wakati huohuo. Alikohoa, akageuka pembeni, akakohoa tena, na alipogeuka alikuta uso wa Funguo umejifunga. Akamwahi. Akamweleza habari za nesi, habari za kifua kinachojifagia, habari za njiti mlango wa nyuma, siku ya kwanza hadi leo. Alieleza harakaharaka, maneno yakikanyagana, na kadiri alivyoeleza ule uso ulifunguka kidogo kidogo, mpaka Funguo akawa ameegemea kaunta kwa viganja viwili na macho yamelowa.

"Kwa hiyo umeacha," alisema.

Hakuwa anauliza. Alikuwa anashangilia kwa sauti ya chini, na Hamira hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kuitikia kwa kichwa. Wiki nne alikuwa anaisubiri sentensi hiyo. Kama angesema ndiyo, mkono wa Funguo ungevuka kaunta, na mambo yangekuwa yamekwisha.

"Hapana," alisema.

Funguo akabaki vilevile, hajaelewa.

"Sijaacha. Jana jioni nilisimama kioskini, nikaomba moja. Nikaishika. Nikainusa mpaka mwenye kioski akaniuliza kama nanunua au naposa. Nikamrudishia, lakini niliishika. Leo alfajiri nimelia. Kesho siijui kabisa." Aliufunika mkate uliobaki. "Uliniambia nikiacha nikuite. Ndiyo maana sikukuita. Nimeacha ni neno kubwa, Funguo, sina. Nililonalo ni naacha. Leo naacha. Basi."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka yakapotea. Hamira alikuwa ameshika ukingo wa kaunta, akijiambia kwamba akiondoka asimkimbilie, kwamba atarudi nyuma atoe mikate ya awamu ya tatu, funguo zilie zitakavyolia.

Funguo alivuta pumzi.

"Unajua baba aliniambia 'nimeacha' mara ngapi?" alisema. "Kila mwezi. Anasema nimeacha, mwanangu, na koti lake limening'inia mlangoni linamkana. Mimi naamini, tunafurahi, halafu naikuta sigara ndani ya soksi. Hata siku moja hakuwahi kuniambia, leo naacha na ni ngumu, kaa na mimi. Angeniambia hivyo ningekaa."

"Mimi nakwambia."

"Nakusikia." Akajipangusa uso kwa mkono wa shati, vumbi la shaba likabaki linang'aa shavuni. "Na mimi nilifanya ujinga. Nilikupa neno moja la kufungulia, nikaondoka, nikakuacha huko ndani ulitafute peke yako. Kisha naja kila siku kutega sikio ukutani. Fundi mzima."

Hamira akacheka huku machozi yanashuka, kicheko kikageuka kikohozi, na safari hii Funguo hakuinamisha kichwa. Alizunguka kaunta, akasimama karibu yake, akaweka kiganja mgongoni kwake, katikati ya mabega, akakiacha hapo mpaka kikohozi kipite. Kiganja kilikuwa cha moto. Kilijua kazi hiyo. Hamira alifumba macho, akatamani asipone haraka.

Lakini alipofumbua alikumbuka lile kumbatio lililokatika mlangoni.

"Na Dada?" aliuliza.

Funguo alitoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni, mkono mwingine haujatoka mgongoni. Hamira alimsikia akisalimia, akisema yuko duka la mikate, ndiyo, kwa Hamira. Kisha akasema, "Hapana, Dada. Hajaacha," na moyo wa Hamira ukashuka mpaka kwenye sakafu ya saruji. "Anaacha. Leo ya kumi na moja."

Mama Kaunta, ambaye mifuko ilikuwa imemshinda, alitokeza pua mlango wa stoo, akairudisha.

Funguo akamnyooshea simu. "Anakutaka wewe."

Hamira alipangusa mkono kwenye aproni, akaipokea kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ni ya kumi na moja kweli?"

"Kweli."

"Unalala?"

"Vipande vipande."

"Unakula?"

"Nimeanza kusikia ladha leo."

Hamira alisikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani kule, taratibu.

"Mdogo wangu anadhani baba hakuwahi kujaribu kwa dhati," Dada alisema. "Alikuwa mdogo, sikumwambia. Alijaribu mara moja. Alifika kumi na tisa. Alikuwa anaamka ananiambia tarehe, kama mtoto. Ya ishirini mimi nikaona ameshapona, nikaenda kwenye shughuli zangu, nikamwacha peke yake nyumbani toka asubuhi." Sauti haikubadilika, ila iliacha nafasi. "Sikuambii ili nikutishe. Nakuambia ujue hatari ilipo."

"Ndiyo, dada."

"Siku yako ya ishirini inaangukia Jumatatu. Siyo hii, ile nyingine. Ukitoka kazini usipite popote. Njoo kwangu, tushinde wote. Mimi sina maneno mengi, lakini nitakuwepo."

Badala ya ahsante, Hamira alitoa ile hofu yenyewe, aliyokuwa amemgusia Funguo juujuu tu.

"Na kama sitafika, dada? Kama siku hiyo itanikuta nimeshavuta?"

"Ukiwa umevuta," Dada alisema, "njoo vilevile."

Simu ikakatika. Hamira akabaki nayo sikioni, na Funguo, aliyekuwa anamsoma uso tangu mwanzo, hakuweza kuvumilia tena.

"Kasemaje?"

"Kasema niende," Hamira alijibu.